Mwaka mmoja Usa River: gereji, darasa la tano na mlima

Swali: Mume wangu ni fundi magari. Amepata mkataba wa mwaka mmoja, Januari hadi Desemba, kwenye gereji ya kampuni ya utalii Usa River. Mimi natunza hesabu za maduka mawili ya Kariakoo, kazi ninayoweza kuifanya popote penye intaneti. Tuna binti wa miaka 11 anayeingia darasa la tano na kijana wa miaka 6 anayeanza la kwanza. Sisi ni watu wa Dar, Mlima Kilimanjaro watoto wanaujua kwenye picha tu. Tukae wapi, Usa, Arusha mjini au Moshi? Shule tuhamishe lini? Na mwaka tuupangeje ili kazi, masomo na matembezi visigongane? Binti anasema lazima afike kileleni. Ni sawa? (Mama wa wawili, Tabata)

Jibu:

Dada, nianze na la mwisho, maana nahisi ndilo linalozungumzwa mezani kila jioni. Binti asiende kileleni mwaka huu. Kanuni za hifadhi zinamruhusu, kwa kuwa umri wa chini wa kupanda hadi juu kabisa ni miaka 10. Anayemkatalia ni mimi. Nimeongoza wageni Kilimanjaro na Meru miaka 22 mpaka magoti yakanistaafisha, sasa nafundisha vijana wanaotaka kazi hiyo, na wanangu watatu nimewalelea huku huku. Wa kwanza nilimpandisha hadi kituo cha Horombo, mita 3,720 kwenye Kilimanjaro, akiwa na miaka 11 kama binti yako. Alikuwa anakimbia mbele ya wagumu (huku wapagazi tunawaita hivyo) siku nzima. Jioni nikamwekea chai na biskuti, akavisogeza pembeni akasema ameshiba. Mtoto aliyetembea tangu asubuhi hawezi kuwa ameshiba. Nikamuuliza kichwa kinauma? Akasema hapana. Nikamwambia simama kwa mguu mmoja, akayumba. Alikuwa ameficha maumivu tangu saa nane mchana kwa sababu alijua nikijua tutarudi. Tulishuka usiku ule ule kwa tochi, na tulipofika Mandara, kituo cha chini yake, aliniuliza kama kuna chipsi.

Mtu mzima akiumwa mlimani husema. Mtoto anayetamani kilele hasemi, na wewe mzazi, uliyelipia siku tano au sita za safari, nawe unakuwa mzito wa kugeuka. Hayo mawili yakikutana kule juu ya mita 4,000 sipendi hata kuyafikiria. Kuna safari ya kwake nitakayoisema mwisho, ambayo haina aibu yoyote.

Sasa makazi. Kaeni Usa au Tengeru jirani yake. Najua Moshi inavutia, na Kibo, kile kilele chenye theluji, akiwa wazi asubuhi unamwona toka sokoni, lakini kutoka Moshi hadi Usa ni zaidi ya kilomita 50 za barabara yenye malori na mabasi, na shemeji ni fundi wa magari ya utalii. Mwezi wa saba simu italia saa tano usiku kwamba gari limekatika springi Serengeti na linavutwa, aliandae jingine kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Akiwa Moshi hiyo ndoa itachoka kabla ya Septemba. Arusha mjini si mbali, na kipande cha Sakina hadi Tengeru kina njia mbili kila upande, lakini kodi ya mjini ni kubwa na mtalipia foleni mliyoikimbia Tabata.

Ila kabla hujalipa kodi ya nyumba Usa, uliza maji yanatoka wapi. Hili wageni hawaambiwi, na kwangu ni kubwa kuliko rangi ya vigae. Maji mengi ya miteremko ya Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi, kwa sababu ya miamba ya volkano yanamopita. Ukifika eneo liitwalo Maji ya Chai utaona watu wazima, wazuri wa sura, meno yana madoa ya kahawia. Si uchafu wala si sigara. Wameyanywa maji hayo wakiwa wadogo, wakati meno ya kudumu yanaundwa ndani ya fizi, kazi ambayo kwa meno mengi huendelea hadi kama miaka 8. Binti yako amevuka hatari kubwa. Wa miaka 6 bado meno yake ya nyuma yanajengwa.

Kuchemsha hakusaidii. Kunaua vijidudu, lakini floraidi inabaki na maji yanapungua, kwa hiyo inazidi kukolea. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti kilicholishughulikia kwa miaka mingi, au maji ya mvua mliyokinga wenyewe, au chanzo kilichopimwa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwombe mwenye nyumba cheti cha kipimo, na akikucheka nenda nyumba ya pili. Ya kuogea na kufulia hayana neno, shida ni ya kunywa na kupikia. Na magadi ya kulainishia maharage yaacheni dukani mwaka huu, maana nayo hubeba floraidi.

Shule ni fupi kuliko unavyodhani, kwa sababu mmebahatika. Darasa la tano halina mtihani wa kitaifa. La nne ameshamaliza, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi bado. Ungeniandikia mtoto akiingia darasa la mwisho ningekwambia mwacheni kwa bibi yake Dar. Anzeni uhamisho mwezi wa kumi na moja: pateni kwanza barua ya nafasi kutoka shule mnayoitaka, ndipo shule anayotoka ianze kupitisha karatasi zake, na hakikisheni namba yake ya PReM, ile ya usajili wa mwanafunzi, inahama naye. Msingoje Januari, kwa sababu Desemba walimu wakuu wako likizo na kila mzazi atakuwa kwenye foleni ile ile wiki moja kabla ya kufungua. Shule yoyote mtakayoichagua, ulizeni jambo moja: Jumamosi kuna masomo ya ziada kwa darasa la tano? Kama yapo, tafuteni nyingine. Jumamosi ndiyo mtaji wenu wote.

Nieleze kwa nini. Nyumba yenu itakuwa na kalenda nne, na hakuna hata moja inayomsikiliza mwenzake.

Ya kwanza ni ya shule: inafunguliwa Januari, mapumziko mafupi karibu na mwisho wa Machi au Aprili, likizo ndefu mwezi wa sita, mapumziko mengine mafupi Septemba, kufunga mapema Desemba. Ya pili ni ya mvua: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Desemba, na katikati yake baridi ya Juni na Julai, ambayo wewe wa Tabata hujawahi kuiona. Ya tatu ni ya watalii, na hiyo ndiyo bosi wa shemeji: wageni hufurika Juni hadi Oktoba, halafu tena kuanzia siku chache kabla ya Krismasi. Ya nne ni yako mwenyewe, na nina hakika umeisahau. Kila mwezi tarehe 7 una makato ya mishahara na tarehe 20 una ritani za VAT za hayo maduka mawili. Siku tatu kabla ya tarehe hizo wewe si mtu wa kupanda mlima, wewe ni mtu wa risiti.

Watu wengi wanaokuja kwa mwaka mmoja hukosea hapa. Wanasema, "Tutatembea likizo ya mwezi wa sita." Mwezi wa sita unafika, baba hapatikani, mawingu yamekaa juu ya Meru kama kifuniko cha sufuria, watoto wana makamasi, na mwaka umefika nusu hawajatoka uani. Wengine husema wangoje Aprili, wageni wakipungua. Kwa dereva na mwongozaji ni kweli, Aprili analala. Kwa fundi ni kinyume: magari yote yanarudi uani, injini zinashushwa, shokapu na breki zinabadilishwa, viti vinavuliwa, bodi zinachomelewa. Faida moja tu: kazi yake ina saa. Atatoka saa kumi na moja jioni na Jumapili itakuwa yake kweli. Kwa hiyo masika si wakati wa kusafiri, ni wakati wa Jumapili fupi na baba.

Na kwa bahati pale mlipo mambo mazuri yako karibu. Ziwa Duluti liko hapo Tengeru, ziwa la kreta lililozungukwa na msitu wa hifadhi, na njia ya miguu inalizunguka. Mtoto wa miaka 6 analimaliza kwa miguu yake, mradi usimharakishe. Mkienda, muwe mmefika saa mbili asubuhi. Mwambie kijana atembee mbele kabisa na asiseme kitu mpaka asikie kitu. Mwanangu wa mwisho alikaa kimya dakika nne, rekodi yake ya maisha, kisha akanong'ona, "Baba, kuna mtu anakohoa juu ya mti." Alikuwa kima. Hapo hapo Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapoland. Maelfu ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa hapa mwaka 1942 wakati wa vita kuu ya pili, wakajenga kijiji chenye shule na kanisa. Binti wa darasa la tano ataelewa vita ya dunia pale kuliko kwenye kitabu.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni jirani yenu, lango la Ngurdoto mnalifikia kwa kukata kushoto pale Usa. Kwa raia ada inalipwa kwa shilingi na ni ndogo ukilinganisha na ya mgeni, lakini msiende na pesa taslimu mkononi, malipo ni ya namba ya malipo au kadi. Hii ni mojawapo ya hifadhi chache ambapo mtoto anaweza kushuka kwenye gari na kutembea, akiwa na askari mwenye bunduki. Twiga mtawaona kwa karibu mpaka mhesabu kope. Mbega weupe kwa weusi wapo msituni, nyati wapo wengi, flamingo huja kwenye maziwa ya Momella kwa misimu yao. Simba msimtarajie, na mwambieni kijana mapema asije akalia. Kreta ya Ngurdoto mnaiangalia toka ukingoni tu, kushuka ndani hairuhusiwi. Siku yake ni Januari mwishoni au Februari, hewa kavu, Meru wazi mpaka kileleni, mita 4,566 zote. Mama, hiyo ni Jumamosi ya kwanza baada ya tarehe 20.

Masika yakishika, barabara za vijijini zinakuwa sabuni. Msilazimishe. Ingieni Arusha mjini, mkaone makumbusho yaliyomo ndani ya boma la Wajerumani lililojengwa 1900, na Makumbusho ya Azimio la Arusha, lile la 1967. Rudini nyumbani mkapike mtori. Kuna wazazi wanaoona Jumapili ya mvua ni Jumapili iliyopotea. Mimi naona ndiyo siku ya kumfundisha mtoto kukausha viatu: magazeti ndani, kamba zimelegezwa, mbali na moto. Viatu vingi vya wateja wangu vilikufa kwa kuanikwa kando ya jiko.

Juni, bila baba, wachukue watoto uende nao Marangu au Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, siku tatu nne. Ukiwa na rafiki mwenye kwao huko, omba kulala kwao, uende na sukari na sabuni, usiende mikono mitupu. Baridi ipo, ukungu upo, lakini kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga, hakihitaji jua. Watoto wataona kahawa chini ya migomba, migomba chini ya miti mikubwa, ng'ombe bandani analetewa majani, na mfongo ukipitisha maji ya mlimani kwa zamu kutoka shamba hadi shamba. Wataona isale, mmea wa heshima kwa Wachagga, limepandwa mpakani. Mwambie mwenyeji awasimulie kazi ya isale kwenye kuombana msamaha, kwa sababu mzee akianza hapo jioni nzima imepatikana. Kuhusu nguo: soko la Memorial pale Moshi lina mitumba ya majaketi ambayo huko Dar hamtayaona. Nunueni mawili mepesi ya kuvaa moja juu ya jingine badala ya moja zito, na fulana ya pamba isikae mwilini ikiwa imelowa jasho. Hiyo ndiyo inayopoza mwili haraka.

Septemba, kwenye mapumziko mafupi, ni chemchemi ya Chemka. Mnapita Boma Ng'ombe mnashuka kusini kwenye vumbi na miiba, mnajiuliza kama mmepotea, halafu ghafla kuna mikuyu mikubwa na maji ya buluu unayoona mpaka mchanga wa chini. Jina linadanganya. Maji hayachemki, ni ya uvuguvugu tu, na samaki wadogo watawachokonoa vidole vya miguu. Lakini sikiliza: mizizi inateleza, maji yana mkondo kuliko yanavyoonekana, na siku za wikiendi kuna umati na muziki. Mtoto wa miaka 6 akae kwenye urefu wa mkono wako, boya au hakuna boya. Na kule ni bondeni, mbu wapo. Watu wakishahamia huku kwenye baridi husahau chandarua, kisha wanashuka Chemka au kwenye miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC na kurudi na malaria.

Jumamosi zilizobaki ni za kawaida, na zisitafutiwe makuu. Jumamosi moja soko la Tengeru, moja kufua, moja Duluti tena. Mrudi Duluti hata mara sita. Mara ya kwanza watoto wanaona maji, mara ya nne wanaanza kumjua ndege mmoja, mdiria, na tawi lake.

Sasa ile safari ya binti. Chukua kalenda zako zote nne uziweke mezani Desemba. Shule zimefungwa. Watalii wa Krismasi hawajafika, gereji imetulia. Tarehe 7 imepita, tarehe 20 bado. Vuli inaelekea ukingoni. Kati ya tarehe 8 na 14 kuna wiki moja, moja tu mwaka mzima, ambapo ninyi wanne mko huru kwa pamoja, na tarehe 9 ni sikukuu ya Uhuru juu yake. Wekeni hapo safari ya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu.

Siku ya kwanza mnatoka langoni hadi Mandara, mita 2,720, ndani ya msitu wenye ndevu za kijani zinazoning'inia kwenye matawi. Kwa kijana wenu ni kama saa nne au tano za kwenda taratibu, na mtalala kwenye vibanda vya mbao. Kesho yake asubuhi, kabla ya mawingu, wote wanne mnapanda kreta ya Maundi, ambayo ni kilima tu, robo saa au nusu saa toka vibandani, na pale juu msitu unaisha na vilele viwili, Kibo na Mawenzi, vinasimama mbele yenu. Usiku wa pili laleni hapo hapo, miili izoee. Siku ya tatu, kama binti amekula vizuri, amelala vizuri na hajashika kichwa, aondoke na baba yake na mwongozaji kwenda Horombo, walale usiku mmoja. Wewe na kijana mtabaki Mandara mkicheza karata au mtashuka, yeye juu zaidi ya hapo hana ruhusa. Kabla ya safari kubaliana na binti kwa maneno haya haya: ukificha kichwa kuuma, safari ijayo haipo, ukisema, tunashuka na safari ijayo ipo. Na baba amjaribu kwa biskuti.

Kulala mlimani kunahitaji mwongozaji mwenye leseni na vibanda vya kuombwa mapema, kwa hiyo Septemba muwe mmeshaweka nafasi. Makoti ya mvua yawe ya kweli, maana mwanzoni mwa Desemba msitu ule bado unadondosha. Nauli za kurudi Dar kateni za kuondoka huku kabla ya Krismasi, wakati mabasi ya kushuka bado yana nafasi. Yanayojaa wiki ile ni ya kupanda.

Na shemeji aiombe likizo hiyo kwa maandishi wiki yake ya kwanza kazini, Januari ile ile. Asiogope kugombana na wenzake. Mafundi wengi wa gereji za huku ni Wachagga, na Desemba lazima waende kwao kuhesabiwa, lakini wao watataka kuanzia tarehe 20. Yeye anaomba 8 hadi 14. Hakuna atakayemshindania.